Maneno Yaliyopakwa Nyeupe

2 Machi

Chiriku, mjukuu wangu,

Salamu hizi zikikukuta hujala, kula kwanza. Barua ya babu haisagiki kwenye tumbo tupu.

Umenitumia ukurasa wa kwanza wa huo mwongozo wa matumizi unaouandika kazini, ukasema nikielewa mimi ataelewa yeyote. Asante kwa heshima. Wazee wengine wajukuu zao huwaita hazina; mimi umenifanya kipimo cha ujinga. Lakini sawa. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, mpaka leo tunalaumiana.

Nilichoelewa ni hiki. Siku hizi kuna matarishi wasio na miguu, nyinyi mnawaita mawakala wa akili bandia. Mtu anamwambia tarishi wake, "Kanisomee ukurasa fulani mtandaoni." Tarishi akifika anakuta vurugu: matangazo ya viatu, picha za watu wanaocheka bila sababu, vitufe vya kukubali hiki na kukataa kile. Anachanganyikiwa. Hapo ndipo programu yenu inapoingia. Inaufungua ukurasa kwenye kivinjari, inauchambua kama mchele, mawe inatupa, tarishi anakabidhiwa maneno yaliyo safi. Nimepatia? Kama nimepatia, kwa nini umeandika "hutoa maudhui kwa ufanisi"? Ufanisi ni mnyama gani? Andika: inachukua maneno, inaacha takataka.

Umeomba nikutafutie mtu asiyeona vizuri, aijaribu hiyo programu kwenye simu. Chukua Mama Saa, mjane wa rafiki yangu Fundi Saa, anayekaa chini yangu. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, simu anaishika kama kipande cha sabuni. Ulimi wake lakini unaona vizuri sana. Kila asubuhi tunataniana kwenye ngazi, na mimi ndiye ninayepanda nimeshindwa. Mpigie, mwelekeze, shemeji yangu huyo hana makuu.

Na ukihitaji ukurasa wa mfano, utumie ule wa wapangaji wa jengo letu ulionitengenezea. Ufunguo wa kuandika humo tunao mimi na wewe tu. Una tangazo la maji, la taa ya ngazini, na ile tanzia ya Fundi Saa niliyoiandika mwaka jana kwa rangi nne. Mchora mabango hazeeki.

Babu yako,
Brashi

9 Machi

Babu,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akanyanyua kichwa. "Ufanisi" nimeufuta.

Mama Saa nimempigia na programu sasa iko kwenye simu yake. Anasomewa habari, hali ya hewa, hata bei za nyanya. Ameniambia, "Mwanangu, umenirudishia gazeti." Nilikaribia kulia, na niko kwenye miezi ya majaribio, huku hawalii ovyo.

Sasa nina jambo linanisumbua. Nilichukua ukurasa wa wapangaji kama ulivyosema. Matangazo yote yalitoka vizuri. Ila kwenye tanzia, baada ya "alikuwa fundi hodari na rafiki wa watu", programu imetoa maneno ambayo kwenye ukurasa hayapo. Nimetazama na kutazama tena. Pale pana nafasi tupu tu. Maneno yenyewe ni haya, nisamehe kuyaandika:

"Fundi wetu hakuuawa na maradhi. Aliuawa na mke aliyemwambia kikohozi ni vumbi la saa, mpaka hospitali ikawa mahali pa kwenda kufia."

Babu, wewe ndiye mwenye ufunguo. Ni wewe uliyeandika? Kama si wewe, basi programu inazua maneno, na hilo ni kosa kubwa. Itabidi nilitaje kwenye mwongozo na nilipeleke kwa mkuu wa kitengo. Nijibu kwa ukweli tafadhali, maana nitasimama mbele yao na jibu lako.

Mjukuu wako,
Chiriku

10 Machi

Chiriku,

Mimi? Niandike hivyo juu ya shemeji yangu? Mtoto una maswali.

Mashine imeota. Si umesema inakula kurasa za dunia nzima? Basi imekula tanzia ya mtu mwingine huko, imecheulia kwetu. Hata mimi nikila sana naota nagombana na watu wasiokuwepo. Waambie wakubwa zako bila woga: programu yenu inazua. Watakupongeza kwa kuwa na macho.

Na mfano utafute mwingine. Ukurasa wetu ni wa watu wadogo, hauna hadhi ya kuingia kwenye mwongozo.

Taa ya ngazini imeungua tena.

Babu yako,
Brashi

23 Machi

Chiriku,

Umekaa kimya, nadhani mikutano imekumeza.

Huku nina habari isiyo na kichwa. Mama Saa hatoki. Asubuhi nikishuka nasimama mbele ya mlango wake, nakohoa kikohozi changu cha uchokozi, nasema, "Shemeji, jua limekuulizia." Zamani angejibu kabla sijamaliza, tena jibu la kunivua kofia. Sasa kimya. Nasikia redio inazimwa, basi.

Jana mwanawe alikuja na maboksi. Nikamuuliza, "Mnanunua au mnauza?" Akasema mama anahamia kwake. Mama ambaye aliapa kwamba jengo hili atatoka amelala! Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama, akasema, "Mama anasema hapa hapakaliki tena." Mwisho wa mwezi wa nne anaondoka.

Labda ni zile kelele za watoto wa juu. Labda ni mimi na kikohozi changu. Eti ile simu yake, nyinyi huko mnaweza kujua imemsomea nini? Nauliza tu.

Babu yako

26 Machi

Babu,

Shikamoo.

Leo ulikuwa mkutano. Nilisimama nikawaambia kwamba programu inazua maneno, nikawaonyesha sura nzima niliyoiandika kwenye mwongozo kuonya watumiaji. Niliiita "Tahadhari". Nilijiona nimekuwa mtu.

Mhandisi aliyeitengeneza alikuwa amekaa mwisho wa meza anakula karanga. Hakubisha. Aliufungua ukurasa wa wapangaji kwenye skrini kubwa, akaishika ile nafasi tupu chini ya tanzia, akapitisha kipanya juu yake kama mtu anayefuta vumbi. Maneno yakatokea yote, neno kwa neno. Akasema, "Hapa hakuna kilichozuliwa. Mtu kaandika, halafu kayapa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Programu haina macho, haijui nyeupe. Inasoma kilichoandikwa." Mtu akacheka. Halafu wakacheka wote. Mkuu wa kitengo hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza polepole, "Ulimuuliza mwenye ukurasa?" Nikasema ndiyo. "Akasema?" Nilishindwa kusema kwamba babu yangu amenidanganya, nikaacha waone kwamba ni mimi nisiyejua kazi. Mwongozo wanafikiria kumpa mtu mwingine.

Maneno nimeyafuta kwenye ukurasa. Kufuta kweli, si kupaka.

Siwezi kujua simu ya Mama Saa imemsomea nini. Hatuangalii mambo ya watu. Ila ukurasa wa jengo lake mwenyewe, wewe unadhani hakuwahi kuuomba?

Njia ya mwongo ni fupi, uliniambia wewe. Hukuniambia kwamba mwishoni mwake nitakuwa nimesimama mimi.

Chiriku

27 Machi

Mjukuu wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kiti kilikuwa karibu nikaona sistahili.

Ni mimi. Niliandika siku ya tatu baada ya mazishi. Tulikuwa tukicheza drafti kila Jumapili, mimi na yule mtu, na Jumapili ile nilipanga kete za pande zote mbili kwa mazoea. Hasira ikanipanda. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na Mungu hana ukurasa. Nikamlaumu shemeji. Nikasoma nilichoandika, nikaogopa.

Sasa usiniulize kama sikujua kufuta. Ningeweza kukudanganya tena, kwamba sisi wachora mabango hatufuti, tunapaka nyeupe mara mbili na ukuta unasahau. Kweli ndivyo tunavyofanya. Lakini kitufe cha kufuta nakijua, ulinifundisha mwenyewe. Nilichagua nyeupe kwa sababu nilitaka maneno yawepo. Nilitaka niwe nimeyasema na asiwepo wa kuyasikia. Kila nikifungua ukurasa kuandika habari za maji, nilikuwa napita juu yake kama mtu anayejua alipozika kitu.

Uliponiuliza, nilijificha nyuma ya mashine yako. Walipocheka, walikuwa wananicheka mimi, ila uso uliokuwepo ni wako. Mwambie mkuu wako ukweli. Sema mzee ni mwongo. Nikikutana naye nitatia saini.

Nakwenda kugonga kwa Mama Saa.

Babu yako

29 Machi

Shemeji,

Umegonga mlango wangu jana na juzi, na leo asubuhi. Sifungui. Naiambia simu maneno haya, yenyewe inaandika, ili nisisikie sauti yako ikitafuta mzaha wa kuanzia.

Mjukuu wako alinipa zawadi, sina ugomvi naye. Siku ya kwanza nilisomewa habari za dunia. Ya pili nikasema, nisomee ukurasa wa jengo letu, nijue kama wamepeleka taa ngazini. Ikanisomea taa. Ikanisomea maji. Ikanisomea tanzia ya mume wangu, nikatabasamu. Halafu ikaendelea, kwa sauti ile ile ya kutangaza hali ya hewa, ikasema nimemuua. Nikaiambia irudie. Ikarudia. Mashine haina haya, haikupunguza hata sauti.

Tangu mwaka jana maneno hayo yako pale. Jengo zima linasoma ukurasa ule. Yule wa ghorofa ya chini anayenibebea kikapu amesoma. Wale wanaonishika mkono kwenye ngazi wamesoma. Kila aliyeniambia "pole, mama" alikuwa anatoka kusoma. Mimi tu kipofu ndiye ambaye sikujua, nikawa nacheka nao.

Na ubaya wake ni kwamba ni kweli nilisema ni vumbi. Alikohoa vumbi la saa toka siku aliponioa. Safari moja halikuwa vumbi.

Nahama. Usibebe boksi hata moja.

Mama Saa

29 Machi

Shemeji yangu,

Niliandika mimi, siku ya tatu baada ya mazishi, sina la kujitetea. Ulikuwa uchungu wangu, nikakurushia wewe uliyekuwa na wako.

Lakini nisikilize hili moja. Hakuna jirani aliyesoma. Maneno nilikuwa nimeyapaka rangi nyeupe, hayakuonekana kwa macho. Simu yako ndiyo iliyoyasoma kwa sababu haina macho. Wanaokubebea kikapu wanakubebea kwa sababu ni kizito. Usihame kwa ajili ya kitu ambacho watu hawakukiona.

Shemeji yako

30 Machi

Shemeji,

Mwaka jana uliniambia mwenye jengo anauza ngazi, tutapanda kwa kamba. Nikaamini siku nzima. Uliniambia dobi ameoa mapacha. Uliniambia mume wangu anakuonea kwenye drafti kwa kukuwekea sumaku chini ya ubao. Tulicheka, ni sawa.

Leo unaniambia kuna maneno yaliyoandikwa hadharani ambayo watu wenye macho hawayaoni, na mimi nisiyeona ndiye pekee niliyeyapata.

Nipe mtu mwingine wa kuniambia hivyo.

Mama Saa

30 Machi

Chiriku,

Naandika nikiwa sina hata utani wa kufungulia barua.

Ameusikia ukurasa. Anaamini jengo zima limekuwa likimsoma kwa mwaka mzima. Nimemwambia kweli, kwa mara moja katika maisha yangu nimesema kweli bila kuitia chumvi, na haaminiki mwenye kuisema. Anataka shahidi.

Nimefikiri. Kesho jioni nitawakusanya majirani wote ngazini, mbele ya mlango wake, niwasomee maneno yale kwa sauti, halafu niwaulize mmoja mmoja: uliyaona? Watasema hapana, naye atasikia. Nitaaibika, lakini aibu nimeshaizoea, tunalala chumba kimoja.

Babu yako

31 Machi

Babu,

Usithubutu! Ukiwasomea ndipo watakapojua. Utamthibitishia kwamba hawakujua kwa kuwaambia. Kaa ndani, nakuomba. Nimekuandikia kabla ya jioni ili barua hii ikukute hujavaa viatu.

Nilimwambia mkuu wa kitengo ukweli. Sikukusitiri, Babu, na haikuwa rahisi. Nilisema "babu yangu" na masikio yakawaka moto. Akasema, "Basi sura ile ya Tahadhari ifute, uandike iliyo sahihi. Wewe ndiye unayejua kwa nini inahitajika." Mwongozo bado ni wangu, kwa sasa.

Nimeiandika leo. Imetoka leo leo na mwongozo mzima, na nimempigia Mama Saa nikamwambia aiombe simu yake imsomee. Sikumwambia lingine lolote, na jina lako sikulitaja. Sehemu yenyewe ni hii:

"Programu hii haina macho. Haioni ukurasa kama unavyoonekana, inasoma yaliyoandikwa ndani yake. Mtu akiandika maneno kisha akayapa rangi ya ukurasa wenyewe, wasomaji wote watakaoufungua hawatayaona, lakini programu itayatoa kama maneno mengine yote. Kwa hiyo ukisomewa jambo ambalo wenzako wenye macho hawajawahi kulitaja, usiwadhanie kwamba wamekuficha. Huenda hawakuliona kabisa."

Mhandisi wa karanga alisema sentensi mbili za mwisho hazina kazi kwenye mwongozo wa programu. Mkuu akasema zibaki.

Chiriku

4 Aprili

Jirani,

Nimesomewa mwongozo wa mjukuu wako. Nikaomba nisomewe tena sehemu ile, kisha nikakaa nayo.

Jana nilimfungulia yule wa ghorofa ya chini. Alikuja na kikapu changu. Nikamuuliza tu kama anausoma ukurasa wa jengo. Akasema, "Nausoma mama, tanzia ya mzee niliisoma hadi mwisho, ilikuwa nzuri, inaishia kwenye rafiki wa watu." Nilimshika mkono, nikamwomba aingie. Alidhani nimeugua.

Basi sihami. Maboksi mwanangu atakuja kuyachukua. Majirani zangu nilikuwa nimewadhania vibaya, na aibu hiyo ni yangu, nitaibeba.

Wao hawakuona. Wewe uliona. Kila asubuhi ulisimama na mimi kwenye ngazi ukacheka, ukijua ulichokiweka pale chini na kwamba bado kipo. Uchungu wa siku ya tatu ningekusamehe, hata mimi siku ile nilirushiana maneno na Mungu. Lakini ule mwaka mzima sijui niuweke wapi.

Salamu nitakuitikia. Salamu ni haki ya kila mtu. Utani usinifanyie.

Mama Saa

6 Aprili

Chiriku,

Anabaki. Ni kazi yako hiyo, mimi sina changu ndani yake. Mwambie mhandisi wa karanga kwamba zile sentensi mbili zimefanya kazi kuliko programu yake yote. Au usimwambie, atavimba.

Barua yake aliianza kwa "Jirani". Nililisoma neno hilo moja nikakaa nalo muda kabla sijaendelea na mengine. Tangu aolewe na yule rafiki yangu, hajawahi kuniita hivyo. Hata siku nilipomwaga rangi ya mafuta kwenye zulia lake aliniita shemeji, akatia na matusi mawili.

Kuhusu wewe sijui niombe vipi. Nimezoea kuomba msamaha kwa kichekesho, mtu akicheka nahesabu nimesamehewa. Safari hii naomba tu. Wakicheka tena huko ofisini, waambie ni mimi wanayemcheka.

Ufunguo wa ukurasa wa wapangaji nimempa yule wa ghorofa ya chini. Ana mwandiko mbaya lakini hana ya kuficha.

Leo asubuhi tulikutana. Alikuwa anapanda na mkongojo wake, mimi nashuka. Akasimama, akageuza uso upande wa nyayo zangu, akasema, "Habari za asubuhi, jirani." Nilikuwa na jibu. Unanijua, jibu huwa ninalo. Neno "shemeji" lilifika hadi kwenye meno.

Nikasema, "Nzuri, mama."

Nikajibana ukutani apite.

Babu yako